Kwa Nini Hakuonja

Kwetu Ugogoni, anayekukaribisha pombe huinywa kwanza yeye. Anakuketisha, anachota kwa kata, anapiga funda moja mbele ya macho yako, anameza, ndipo anakupa. Tunaita kutoa sumu. Hakuna anayefikiria sumu anapofanya hivyo. Ni adabu tu, kama kumwamkia mkubwa wako. Lakini anayekupa kata bila kuionja amekutukana, hata kama anatabasamu.

Naanza na hilo kwa sababu watu wa mjini wenye shahada zao wameniambia mara nyingi kwamba kesi ya mama yangu mdogo ilikuwa ujinga wa kijijini. Si kweli, na nikisikia maneno hayo damu inanichemka. Kesi ilisikilizwa Dodoma mjini, kwenye jengo la serikali, mbele ya watu waliovaa majoho na tai. Ujinga ulikuwa wetu sote, na wangu ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu mimi nilikuwa mwalimu.

Nilikuwa nimetoka chuoni Mpwapwa mwaka uliotangulia, nikapangiwa shule ya msingi katika kijiji kilicho ndani, saa nne za mguu kutoka barabara ya Buigiri. Nyumba ya mwalimu ilikuwa imeezuliwa mabati na watu ambao kila mtu aliwajua na hakuna aliyewataja. Mama mdogo, mdogo wake mama yangu wa tumbo moja, alikuwa ameolewa kijijini hapo, kwa hiyo nikahamia kwake. Alinipa chumba cha mwisho katika tembe lao, akanikabidhi ufunguo, akasema, "Mwalimu, hapa hatuli chaki. Ukirudi mapema utasaga." Nilisaga.

Alikuwa fundi wa pombe. Ujimbi wake wa mtama ulijulikana mpaka mnadani, na watu wakiitisha kazi ya palizi waliuliza kwanza kama ni yeye atakayepika. Baba mdogo, mume wake, alikuwa mtu mkimya wa ng'ombe, mwenye ugonjwa mmoja tu: alipenda machicha. Pombe ikichujwa, yeye alikuwa anasubiri pembeni na bakuli, anakombeleza yale mazito ya chini kwa vidole kama mtoto na uji.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Kila kitu kilikuwa kinauzwa na kila mtu. Josho la kijiji lilikauka, kwa sababu serikali iliacha kuleta dawa ya kuogeshea ng'ombe, na sasa dawa hiyo ilikuwa inauzwa mnadani, chini kwenye turubai, kati ya chumvi na betri za redio. Wauzaji waliipima kwenye chupa za soda. Dumu likiisha, waliliuza nalo. Hakuna aliyeuliza kibali wala aliyesoma maandishi kwenye karatasi iliyobandikwa, maana yaliandikwa kwa lugha ya watu wengine. Tulifurahi vitu vimejaa. Nami nilifurahi, nilinunua viatu vya mtumba vyenye visigino nikavivaa darasani kwenye sakafu ya udongo.

Na miaka hiyo hiyo ilileta wahubiri wenye vipaza sauti. Walikaa kijijini wiki nzima, na siku ya tano mama mdogo akaenda mbele, akalia, akaokoka. Alirudi nyumbani akavunja kikombe chake mwenyewe cha pombe mlangoni. Nilidhani ataacha na kupika. Hakuacha. Watoto wake wawili walikuwa shuleni, na shule sasa ilidai mchango kwa kila kitu, mpaka chaki, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiwarudisha nyumbani waliokuja bila mchango.

"Mama," nilimtania siku moja akigeuza kimea juani, "Mungu haoni mtungi?"

"Anaona. Anaona na madaftari ya wanangu. Tumeelewana naye. Napika, sinywi."

"Na mchungaji?"

"Mchungaji hajaniuliza. Akiniuliza nitamjibu."

Basi tangu hapo tone halikugusa mdomo wake. Ikawa shida kwa wageni, kwa sababu ya ile adabu niliyoieleza. Baba mdogo akaitatua kwa njia yake ya kimya. Mke akichota, yeye hupokea kata, hupiga funda, husema, "Nimemtolea," kisha humpa mgeni. Watu walicheka mwanzoni, mume anamwonjea mke, wakazoea. Ilikuwa karibu miezi miwili hivyo.

Ndipo baba mdogo akanunua dumu. Lilikuwa la bluu, kubwa, la plastiki, alilibeba kwenye mkokoteni wa punda kutoka mnadani huku akitabasamu njia nzima. Alitaka mke wake apumzike na mitungi ya udongo inayopasuka. Mama mdogo alilinusa akakunja uso. Alilisugua kwa majivu na mchanga, akalijaza maji, akayamwaga, akalijaza tena, siku tatu. Harufu ikaisha, au tulidhani imeisha. Nilimsaidia kulisugua. Mkono wangu uliingia humo mpaka kwapani.

Siku ya palizi, pombe ya kwanza ya dumu lile ilichujwa asubuhi, na baba mdogo akaketi na bakuli lake. Alikula machicha ya chini mpaka akaridhika. Kabla ya adhuhuri alisema tumbo linamkata, akaingia ndani kujinyoosha. Wapalizi wanne wakaja kutoka shambani wakiwa na kiu, akiwamo kaka yake mkubwa. Mimi nilikuwa barazani nasahihisha madaftari, nikaona na kusikia kila kitu.

Mama mdogo alichota akampa yule kaka. Kaka akaitazama kata. "Shemeji, hutoi sumu leo?"

"Shemeji, si unajua nimeokoka? Mtoaji wangu amelala ndani, tumbo linamsumbua. Msubiri kama unaogopa."

"Nikuogope wewe?" Akacheka, akanywa nusu. Akasema ina uchungu, akaiweka chini. Wenzake wakanywa kidogo nao.

Jua lilipoanza kuinama, baba mdogo alikuwa anatetemeka na kutoka povu. Tulimpakia kwenye mkokoteni ule ule, tukamkimbiza zahanati, akafa njiani kichwa chake kikiwa mapajani mwa mke wake. Wale wanne walitapika mpaka kesho yake, wakapona. Mama mdogo hakutapika. Hakuumwa hata kichwa. Hilo ndilo lililomponza. Kama angekuwa mlevi wa kawaida, angezikwa kando ya mume wake na kijiji kizima kingemlilia.

Polisi walikuja siku ya mazishi. Walichukua pombe kwenye chupa, wakachukua ile kata, wakamchukua na yeye, na vumbi la kaburi la mume wake bado liko miguuni. Dumu hawakuligusa. Nani angelishuku dumu jipya? Mimi niliandikisha maelezo, ukurasa mmoja na nusu, kwa mwandiko mzuri wa ualimu. Niliulizwa nani alipika, nani aligawa, nani alikunywa. Nikajibu hayo. Watoto wake niliwapeleka kwa mama yangu Chamwino, na vitu vya nyumba yule kaka akavikusanya kwake, na dumu pamoja navyo.

Baada ya miezi miwili mbuzi wake wawili walikufa. Walikuwa wamekunywa maji ya dumu. Akalichoma moto huku akipiga kelele kwamba mchawi yule anaua hata akiwa gerezani. Nilisimama barabarani nikauona moshi mweusi, nikakumbuka harufu, mkono wangu ukaanza kuniwasha mpaka kwapani kwa kumbukumbu tu. Nilikwenda mbio kwa mtendaji wa kijiji.

"Dumu ndilo lililoua," nikamwambia. "Lilikuwa la dawa ya ng'ombe."

Alinisikiliza mpaka mwisho, nakubali. Kisha akasema, "Mwalimu, dumu limeungua. Unataka nikamate majivu?" Akaongeza kwamba mambo ya ukoo ni ya ukoo, na mimi bado kijana, niangalie kazi yangu.

Kesi za mauaji husubiri kikao cha jaji. Mama mdogo alisubiri miaka minne mahabusu. Minne! Mtoto wake aliyekuwa darasa la tatu alimaliza la saba. Nilimtembelea kila likizo na sabuni. Mara ya mwisho kabla ya kesi alinishika vidole kupitia nondo.

"Umeitwa shahidi?"

"Nimeitwa, mama. Upande wa serikali, kwa sababu ya maelezo yangu polisi."

"Upande si kitu. Utalisema dumu?"

"Nitalisema."

"Na kwamba niliokoka?"

"Nitasema yote."

"Basi," akasema, na nikaona mabega yake yakishuka. "Wewe umesoma. Watakusikia."

Siku ya kesi nilipanda kizimbani nikiwa nimekariri, nikaapa. Jaji alikuwa anaandika kila neno kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kiingereza, kwenye jalada kubwa, kwa hiyo kila mtu mle ndani alikuwa na haraka ya kumpunguzia kazi. Shahidi mzuri alikuwa shahidi mfupi. Sikulijua hilo. Nilidhani ukweli unapimwa kwa kilo.

"Mwalimu, nani aliwagawia wapalizi pombe?" aliuliza wakili wa serikali.

"Mama mdogo. Mshtakiwa."

"Kabla ya kuwapa, aliionja?"

"Yeye alikuwa ameoko—"

"Nimeuliza aliionja au hakuionja."

Jaji akainua kalamu. Hakuwa mkali, hata sauti yake ilikuwa ya baba. "Mwalimu, jibu swali lililoulizwa. Mengine wakili wa mshtakiwa atakuuliza."

"Hakuionja," nikasema.

Jaji akaandika. Nikasubiri wakili wa mshtakiwa aniulize mengine. Alikuwa kijana aliyepewa na serikali, na alikutana na mteja wake asubuhi ile ile kwenye benchi la korido. Alisimama, akauliza kama niliona mshtakiwa akitia kitu kwenye pombe. Nikasema hapana. Akasema hana swali jingine, akaketi. Ameridhika!

Mmoja wa wazee wa baraza, wale watatu wanaokaa na jaji kumpa maoni yao, akaomba kuuliza. Mzee wa kwetu, mwenye masikio yaliyotogwa. "Mwalimu, wewe ni mtoto wetu. Mwanamke wa Kigogo anaweza kusahau kutoa sumu?"

"Hapana, mzee. Hawezi kusahau."

Ulikuwa ukweli mtupu, na ulimzika. Hakusahau, ndiyo maana nilitaka kusema kwa nini. Jaji akanishukuru kwa ufasaha wangu, akasema naweza kushuka. Nikashuka, nikaketi benchi la tatu.

Yule kaka akaja baada yangu. Akaapa kwa Biblia, akasema alimuuliza shemeji yake kwa nini haonji na yeye akamcheka. Hayo tu. Maneno "nimeokoka" aliyoyasikia kwa masikio yake hakuyataja, wala mbuzi, wala moto. Mkuki kwa nguruwe. Kama ingekuwa dada yake kizimbani, angekumbuka mpaka rangi ya kata.

Mama mdogo alipopewa nafasi alisimama wima. Alikuwa amekonda, lakini sauti ilikuwa ile ile ya kuita watu shambani. Akasema hakuonja kwa sababu aliokoka.

"Umeokoka," wakili wa serikali akarudia taratibu, "na unapika pombe?"

Mahakama ikacheka. Wote, askari, karani, watu wa benchi langu. Hata mzee wa baraza aliziba mdomo kwa kiganja. Nimesikia vicheko vingi maishani, vya walevi na vya wanafunzi, sijasikia kibaya kama kile. Mwanamke anasema jambo la kweli kuliko yote yaliyosemwa siku nzima, na linachekwa kwa sababu maisha yake hayakunyooka kama rula. Nani kati yao alikuwa amenyooka?

Kicheko kilipokwisha akalitaja dumu.

"Dumu hilo liko wapi?"

"Shemeji yangu alilichoma."

"Shemeji yako hakusema hivyo. Na mwalimu aliyekuwa anaishi nyumbani kwako, shahidi aliyesoma, ametoka hapa sasa hivi. Kwa nini hakulitaja?"

Mama mdogo aligeuka. Alinitazama mimi. Alinitazama kwa muda ambao jaji aliutumia kunyoosha vidole vyake. Nilijua sheria za mahali pale, kwamba shahidi aliyemaliza hasemi, kwamba anayepiga kelele hutolewa. Nilizijua vizuri, maana hata mimi darasani sikuruhusu mtoto kusema bila kunyoosha mkono. Nikatazama viatu vyangu.

Wakili wake, kijana wa watu, alijitahidi mwishoni. Aliomba mchungaji aitwe athibitishe habari ya kuokoka. Mchungaji akaja kesho yake, suti ya kahawia, Biblia ya zipu. Akasema ni kweli mama yule alikuja mbele siku ya mkutano, lakini kwa kuwa aliendelea kupika pombe, kanisa halikumhesabu. "Hatukumhesabu," alisema hivyo hivyo, kama mtu anayehesabu kuku. Na sadaka yake je, ile ya kila Jumapili iliyotoka kwenye pombe hiyo hiyo, walikuwa hawaihesabu? Hakuna aliyemuuliza. Akufukuzaye hakwambii toka; mama mdogo alikuwa amekaa benchi la kanisa lile miezi miwili, anapiga makofi, hajui kwamba hayumo.

Wazee watatu wote wakasema ana hatia, na jaji akakubaliana nao. Pombe ilikuwa na dawa ya ng'ombe, maabara ilisema. Yeye ndiye aliyeipika, na aliijua sumu ndiyo maana hakuonja. Akahukumiwa kunyongwa mpaka afe. Mama yangu alianguka chini. Mimi nilimpepea, nikatafuta maji, nikafanya yote yanayofanywa na watu wenye manufaa.

Alikaa miaka mitatu mingine, mingi yake akisikiliza milango. Rufaa haikuandikwa na mimi. Niliandika barua, ndiyo, kwa maofisa, zenye vichwa vya habari na "kwa heshima na taadhima", na hazikujibiwa. Rufaa aliiandika mfungwa mwenzake, mwanamke aliyeishia darasa la nne, kwa penseli, kwa maneno ya mama mdogo mwenyewe. Baadaye nilionyeshwa nakala. Herufi zimelala kila upande, na mimi ningempa alama tatu kwa kumi. Sababu ya kwanza ya rufaa ilikuwa: chombo kilichopikiwa kilikuwa kipya na hakuna mtu alikipima. Majaji watatu wa rufaa waliisoma, wakakubali. Wakasema kutoonja ni jambo la adabu, haliwezi kumtia mtu kitanzi, na kwamba polisi waliacha kuchunguza kilichokuwa mbele yao. Wakamwachia huru. Miaka saba, na jibu lilikuwa na urefu wa mstari mmoja.

Nilimkuta kwa mama yangu Chamwino siku ya pili yake. Nilikuwa nimehamishiwa mjini, nimekuwa mwalimu mkuu msaidizi, nimenunua kitenge cha kumletea. Alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua mlenda kwenye ungo, na binti yake, mtu mzima sasa, ameketi mbali naye kidogo kwa aibu ya kutomzoea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu."

Niliangua kilio. Nikapiga magoti, nikamwambia yote niliyoyabeba: kwamba nilikatishwa, kwamba jaji alisema nitaulizwa, kwamba yule wakili mtoto hakuuliza, kwamba nililazimishwa kusema hakuonja na nilisema tu kweli. Nililia nikiwa na hasira kwa kila mtu, kaka, mchungaji, jaji, wazee, muuza madumu. Nilikuwa na orodha ndefu na niliisoma yote. Yeye aliendelea kutoa vijiti kwenye majani.

"Hilo la kuonja sikulaumu," akasema nilipoishiwa. "Uliulizwa, ukajibu. Hata mimi ningejibu hivyo."

Nilishusha pumzi. Nilidhani yameisha.

"Lakini waliponiuliza kwa nini hukulitaja dumu, ulikuwepo. Benchi la tatu, blauzi nyeupe."

"Mama, hairuhusiwi. Shahidi akishashuka haruhusiwi kusema. Wangenitoa nje."

Akaacha mlenda. Akanitazama kama alivyonitazama siku ile, muda ule ule.

"Wangekutoa," akasema. "Ningekuwa mimi, wangenitoa nimebebwa, na dumu wangelisikia mpaka barabarani."